Mtaa Ukihesabiwa, Faida ni ya Nani?

Katika miaka hii tuliyo nayo limezidi sana jambo la watu kupita mitaani na kuuliza. Leo aja kijana na simu mkononi, apiga hodi, aketi barazani, na kuanza maswali yake: Humu nyumbani mmo wangapi? Maji mwayachota wapi? Mwapikia kuni, makaa au gesi? Kazini mwaenda kwa miguu, kwa basi au kwa pikipiki? Kodi ya chumba ni kiasi gani? Kesho aja mwingine na maswali yayo hayo. Na wa tatu haji kabisa, kwa kuwa simu tulizo nazo mifukoni zaweza kumwambia tulikopita na tulichonunua, bila ya yeye kubisha mlango wa mtu.

Mbele ya jambo hili tumewaona watu wamekuwa mafungu mawili. Wako wafungao mlango na kusema, "Hawa wataka kutuhamisha." Na wako wafunguao mlango na moyo pamoja, wakaeleza kila lililomo ndani, hata la jirani, kwa matumaini ya kuwa msaada u njiani, wala hawamwulizi mgeni katumwa na nani. Sisi twaona ya kuwa mafungu yote mawili yana sehemu ya haki, na yote mawili yamepungukiwa. Hesabu ya mtaa ni kama mizani ya dukani: yaweza kumpa kila mtu haki yake, na yaweza kumpunja, nayo ni mizani ile ile. Yategemea mkono ulioishika. Basi tumeona yafaa tueleze jambo hili lilianza vipi, limewafaa watu gani na limewadhuru watu gani, ili kila mwenye nyumba na kila mpangaji ajue la kujibu na la kuuliza.

KWA NINI MTAA UHESABIWE

Mtaa una tabia zake kama mtu alivyo na zake. Sisi tunaosomesha watoto twalijua hili bila ya karatasi. Twajua ni watoto gani wachelewao kufika chuoni kwa sababu hupanga foleni ya maji kwanza. Twajua ni kichochoro kipi kisichopitika mvua ikinyesha, kwani siku hiyo watoto wa upande ule hawaonekani. Twajua ni nyumba gani ambayo baba yuko safarini na mzigo wote u juu ya bibi mzee. Mwanamke auzaye vitumbua pembeni mwa njia ajua zaidi yetu: ajua nani hupita alfajiri kwenda kazini, na nani ameacha kununua tangu mwezi uliopita.

Lakini ujuzi huu umo vichwani mwetu, na afisa wa mipango miji akaaye ofisini hana habari nao. Yeye mbele yake ana ramani. Nyumba ni alama ndogo, njia ni mistari miwili, na watu hawaonekani. Akipanga kwa ramani hiyo peke yake, atapasua njia pana ya magari katika mtaa ambao wengi wa watu wake huenda kwa miguu. Atajenga ghorofa zenye vyumba vizuri, lakini hapana pa kuanika nguo, hapana baraza ya wazee kukaa jioni, hapana pembe ya mama wa vitumbua. Ataweka soko mahali panapopendeza kwenye karatasi na pasipopitwa na mtu. Na mwaka hautaisha ila wauzaji watakuwa wamerudi kandokando ya barabara, na askari wa mji wawakimbize.

Kwa hiyo kuhesabu maisha ya mtaa si ubaya wala si upelelezi kwa asili yake. Ni kumpelekea mpangaji wa mji yale ambayo macho yake hayafiki. Serikali zetu hufanya hivyo katika sensa: Kenya ilihesabu watu wake mwaka 2019 ikapata watu 47,564,296, na Tanzania ilihesabu mwaka 2022 ikapata watu 61,741,120, pamoja na kuyaandika majengo na anwani zake. Lakini sensa huja mara moja katika miaka kumi, na mtaa waweza kubadilika katika miaka miwili. Ndipo wakaja watu wengine wa kuhesabu, kila mmoja kwa kusudi lake.

KISIMA CHA MTAA WA BROAD STREET

Mfano wa kwanza tutautoa katika mji wa London, mwaka 1854. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mwaka huo kipindupindu kiliingia katika mtaa wa Soho, kikaua watu kwa mamia katika muda wa siku chache. Waliokufa katika mtaa ule wafikia 616. Waganga wengi wa zama zile waliamini ya kuwa maradhi yale huletwa na hewa mbaya yenye kunuka. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji. Hakukaa kubishana. Alikwenda mlango kwa mlango akauliza jambo moja la maisha ya kila siku: Nyinyi mwachota wapi?

Akaweka alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa, na alama zikajikusanya kukizunguka kisima cha bomba cha Broad Street. Palikuwako karibu na hapo nyumba ya kuwekea maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni watano tu, kwa kuwa walikuwa na kisima chao wenyewe. Tena alikuwako mjane mmoja aliyekuwa akikaa mbali, huko Hampstead, ambako kipindupindu hakikufika. Naye alikufa. Snow alipouliza akaambiwa ya kuwa bibi yule aliwahi kuishi Soho, akayapenda maji ya kisima kile kwa ladha yake, akawa aletewa chupa kwa gari kila siku. Mwezi wa Septemba, tarehe 8, mkono wa bomba lile uling'olewa kwa shauri lake. Maradhi yalikuwa yamekwisha anza kupungua, kwa kuwa wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Lakini sababu yake ilikuwa imejulikana, na elimu ile imeokoa watu wa miji mingi baadaye.

Twawaomba wasomaji watazame hapo. Kilichomfungulia Snow mlango si hesabu ya wafu peke yake. Ni desturi za walio hai: nani hunywa wapi, na kwa nini. Hii ndiyo faida kubwa ya kuujua mtaa kwa maisha yake.

Katika mji huo huo, tangu mwaka 1886 mpaka 1903, tajiri mmoja wa meli, Charles Booth, mzaliwa wa Liverpool, alishika kazi kubwa zaidi. Alitaka kujua umasikini wa London kwa hesabu, wala si kwa maneno ya barazani. Aliwatumia sana wale wakaguzi wa shule waliokuwa wakizunguka majumbani kuangalia watoto wasomao na wasiosoma, maana hao walizijua nyumba. Kisha akaipaka ramani rangi, njia kwa njia: manjano kwa matajiri wakubwa, nyekundu kwa wenye nafasi, waridi kwa wenye kujimudu, zambarau kwa mchanganyiko, buluu nyepesi kwa maskini wenye kupata shilingi 18 mpaka 21 kwa wiki kwa jamaa ya wastani, buluu nzito kwa maskini hohehahe, na nyeusi kwa wale aliowaona ni wa chini kabisa. Ilidhihirika ya kuwa katika kila watu mia wa London, zaidi ya thelathini walikuwa katika umasikini. Booth akawa miongoni mwa waliodai wazee wapewe posho na serikali, na sheria yake ikapita mwaka 1908.

Lakini katika ramani ile ile mlikuwa na mbegu ya jambo jingine. Ile rangi nyeusi haikusema ya kuwa watu hawa ni maskini tu. Maelezo yake yaliwaita waovu na wenye kukaribia uhalifu. Njia nzima ikapakwa, na kila aliyekaa humo, mwema na mwovu, mtoto na mzee, akavikwa rangi moja. Booth alikuwa mtu wa kutaka heri. Waliokuja baada yake hawakuwa hivyo wote.

RANGI NYEKUNDU YA MAREKANI

Mwaka 1933, wakati wa ule mdororo mkubwa wa biashara, serikali ya Marekani iliunda shirika la kuwasaidia watu wasinyang'anywe nyumba zao kwa deni. Tangu mwaka 1935 mpaka 1940 shirika hilo lilipeleka watu kuchunguza mitaa ya miji zaidi ya 200. Walikuwa na fomu ya kujaza kwa kila mtaa: nyumba zina umri gani, zimetunzwa vipi, wakaao humo wafanya kazi gani na wapata kiasi gani kwa mwaka. Kisha fomu ikauliza: wageni waliozaliwa nchi nyingine ni wangapi katika mia? Watu weusi je? Na ikauliza kama watu "wasiotakiwa" wameanza kuingia.

Mitaa ikapewa madaraja manne. Ya kwanza rangi ya kijani, ya pili buluu, ya tatu manjano, na ya nne nyekundu. Mara nyingi mtaa wa watu weusi ulitiwa nyekundu hata kama nyumba zake ni imara na watu wake wafanya kazi. Na fikra hii haikuwa ya shirika moja tu. Idara nyingine ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1934 kudhamini mikopo ya nyumba ilishika kanuni za namna hiyo hiyo, na benki nazo zikashika njia hiyo. Mtu wa mtaa uliobandikwa ubaya hakupata mkopo wa kununua wala wa kutengeneza paa. Nyumba isiyotengenezwa ikaharibika. Ilipoharibika, bei yake ikashuka. Na bei iliposhuka, wenye kutoa mikopo wakasema, "Mwaona? Tulisema tangu zamani ya kuwa mtaa huu si mwema." Sheria ya kuukataza ubaguzi huo katika nyumba ilipita mwaka 1968, lakini watoto na wajukuu wa waliokataliwa wamerithi upungufu ule, kwa kuwa katika nchi ile nyumba ndiyo akiba kubwa ya mtu wa kawaida.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili: waliojaza fomu zile walikuwa wakiandika "habari" tu. Umri wa nyumba, kazi, kipato, asili. Kila moja peke yake ni swali la kawaida, na mengi katika hayo ndiyo yale yale aulizayo kijana wa barazani leo. Madhara yalitoka katika hukumu iliyofungamanishwa na jibu.

NA SISI HUKU PWANI

Asidhani msomaji ya kuwa haya ni ya Uingereza na Marekani tu. Mji wa Dar es Salaam ulipangwa kwa hila iliyofanana na hiyo. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji sehemu tatu. Sehemu ya kwanza haikuruhusiwa ila majengo ya namna ya Ulaya. Ya pili iliruhusiwa majengo ya mawe na vitu vya kudumu. Ya tatu ndiyo ya nyumba za miti na udongo na makuti. Amri ilitaja aina ya nyumba, na aina ya nyumba ikawachagua watu. Waingereza walipoingia waliishika njia hiyo, na wenyeji wa mji wakaziita sehemu zile kwa majina yaliyosema kweli bila ya kificho: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi baina ya Kariakoo na sehemu za wengine. Huko Uzunguni njia zilikuwa na nafasi na miti ya kivuli, na Uswahilini nyumba zikasongamana. Mpaka leo, zaidi ya miaka sitini baada ya uhuru wa mwaka 1961, mtu apitaye Oysterbay kisha akapita Tandale hahitaji kuambiwa mpango ulianzaje.

Hili twalitaja kwa sababu watu wengi hujituliza kwa kusema, "Hawakuuliza kabila wala dini, wameuliza choo na paa tu." Choo na paa navyo vyaweza kumtaja mtu.

HESABU ILIPOINGIA BIASHARANI

Katika miaka ya 1970 jambo hili liliingia dukani. Huko Marekani mtu mmoja aitwaye Jonathan Robbin aliichukua hesabu ya sensa na anwani za posta, akaviunganisha kwa mashine za kompyuta, na mwaka 1974 kampuni yake, Claritas, ikatoa mpango uliogawa mitaa yote ya nchi ile katika mafungu 40, kila fungu na jina lake la kuchekesha na tabia zake: wala nini, wasoma magazeti gani, waendesha gari gani. Msingi wake ni ule usemi tuujuao sote, ya kuwa ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Uingereza nako, Richard Webber aliipanga mitaa ya Liverpool katika mafungu, na kusudi la kwanza lilikuwa kuisaidia halmashauri ya mji ule ielewe shida za mitaa yake na wapi pa kuelekeza msaada. Muda si mrefu mpango wa namna ile ukaenea nchi nzima kwa jina la Acorn, nao ukanunuliwa na wenye maduka, benki na madalali wa majumba. Hesabu iliyokusanywa kutafuta wenye shida ikawa yatafuta wenye fedha.

Basi mwenye kujenga majumba ya biashara huitumiaje? Hutazama ni mtaa gani ambao kodi bado ni ndogo, lakini vijana wenye mishahara wameanza kuhamia, mikahawa imefunguliwa, na barabara ya lami yakaribia. Hununua hapo kabla ya wengine. Hubomoa nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita, akajenga ghorofa. Bei ya ardhi hupanda mtaa mzima, wenye nyumba wa jirani nao hupandisha kodi, na mpangaji aliyekaa hapo miaka ishirini hutafuta chumba pembezoni mwa mji, mbali na kazi yake na mbali na shule ya watoto wake. Hapana aliyemfukuza. Hesabu ndiyo iliyomtangulia. Twasema kwa insafu ya kuwa mjenzi mwingine aweza kutazama hesabu hiyo hiyo akaona ya kuwa mtaa huu wataka vyumba viwili viwili vya kodi ya wastani, karibu na kisima na zahanati, akajenga hivyo na akapata faida ya halali. Lakini faida kubwa ya haraka huvuta zaidi.

Kuna na ila nyingine iliyomo ndani ya hesabu yenyewe, nayo ni wastani. Tuseme mtaa una nyumba kumi. Tisa zapata shilingi 200,000 kwa mwezi, na ya kumi, ambayo ni ya mwenye malori, yapata 3,200,000. Jumla ni 5,000,000, na wastani ni 500,000 kwa kila nyumba. Tazama sasa: mtaani humo hamna hata nyumba moja ipatayo 500,000. Lakini mwenye duka atasoma wastani huo na kuleta vitu vya bei, na mwenye kugawa zahanati atausoma na kusema mtaa huu wajiweza, aende mtaa mwingine. Kwa hiyo mtu asikubali kuhukumiwa kwa wastani wa mtaa wake, wala asimhukumu jirani yake kwa huo.

Mwaka 2017, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kampuni iliyo ya jamaa moja na Google ilitangaza mpango wa kujenga mtaa mpya wa ekari 12 ukingoni mwa ziwa, ambao taa, njia na mapipa ya taka yangekuwa na vyombo vya kuhesabu mienendo ya watu. Wakazi wa mji wakauliza: Hesabu hizo zitakuwa mali ya nani? Ubishi ukaendelea, na mwezi wa Mei 2020 kampuni ikajitoa, ikitaja hali ngumu ya uchumi. Swali la wakazi wale lingali latufaa sisi.

WATU WALIPOJIHESABU WENYEWE

Sasa twafika kwenye sehemu itupayo moyo. Mpaka mwaka 2009 mtaa wa Kibera, Nairobi, uliokuwa ukijulikana dunia nzima, katika ramani nyingi ulikuwa ni kama pahali patupu. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walichukua vyombo vya kupimia mahali wakatembea vichochoro vyote, wakaandika mabomba ya maji, vyoo, zahanati, shule, misikiti na makanisa. Tena watu walikuwa wamezoea kusema Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka huo huo ikapata 170,070. Hesabu ya kweli yaweza kuwa ndogo kuliko uvumi, na pengine watu wakaikataa; lakini huwezi kugawa maji kwa uvumi.

Dar es Salaam nako, mtaa wa Tandale ulichorwa mwaka 2011 kwa namna hiyo, na tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi wakaendeleza kazi iitwayo Ramani Huria katika kata zipatazo mafuriko. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini picha haisemi maji hufika wapi. Wenyeji ndio wasemao. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam, na wakaao bonde la Msimbazi wajua ni ukuta upi ambao maji huufikia na ni mtaro upi uzibao kwanza.

Nairobi tena, wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakaandika kila kituo. Na mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130, za usafiri ambao mamilioni hutegemea na ambao haukuwa na ramani.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Mukuru. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo la mpango maalumu. Humo mna nyumba za watu zaidi ya 100,000, walio wengi ni wapangaji, na ardhi nyingi iliwahi kugawiwa watu binafsi. Kabla ya tangazo hilo, chama cha wakazi kiitwacho Muungano wa Wanavijiji, pamoja na wanavyuo, kilikuwa kimekusanya hesabu ya maisha ya humo. Ikaonekana jambo la kuhuzunisha: maskini wa Mukuru wayanunua maji kwa bei kubwa kuliko mtu wa mtaa mzuri mwenye bomba nyumbani kwake, kipimo kwa kipimo, na maji yenyewe si mazuri kama ya yule. Hesabu hiyo ndiyo iliyowapa nguvu ya kusema. Wakazi wakapangwa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, wakajadili maji, vyoo, njia na shule. Lilipokuja suala la barabara, ilionekana ya kuwa kanuni za kawaida za upana wa njia zingewabomolea watu wengi mno, basi mpango ukakubali njia nyembamba zaidi ili wengi wabaki. Hapo wajua ya kuwa aliyepima alijua kuna mtu ndani ya ile alama ndogo ya ramani.

Hata hivyo tusimdanganye msomaji. Mwaka 2021, mwezi wa Oktoba na Novemba, sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kwa ajili ya kupitisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Hesabu nzuri na mpango mzuri havikuwa ngao ya kutosha. Karatasi husaidia pale tu ambapo watu wamesimama nyuma yake na serikali yaheshimu ilichokitangaza.

YALIYO JUU YETU

Baada ya kuyaeleza haya, twawausia wasomaji wetu mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, mwenye kuhesabu asifukuzwe, lakini aulizwe. Nani kakutuma? Habari hizi ni za kazi gani? Nani mwingine atazisoma? Zitahifadhiwa muda gani? Maswali haya si ukorofi. Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu tangu mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Zote mbili zampa mtu haki ya kujua habari zake zachukuliwa kwa kusudi gani na haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Karani wa sensa naye afungwa na sheria asitoe siri ya nyumba. Asiyeweza kujibu katumwa na nani, na tumshukuru kwa salamu, tusimpe zaidi.

Pili, mtu aseme ya nyumba yake, asiseme ya jirani. Siri ya jirani ni amana, na mtu hawezi kuitoa amana asiyokabidhiwa kuitoa.

Tatu, tusijibu uongo. Wako waongezao idadi ya watoto wakidhani msaada utazidi, na wako waficha wapangaji kwa kuogopa kodi ya serikali. Uongo huo huturudia wenyewe. Shule hujengwa ndogo, au mtaro hupimwa kwa nyumba hamsini na mtaani mna mia.

Nne, asijibu mwanamume peke yake. Ukimwuliza baba maji yatoka wapi, atasema bombani. Ukimwuliza mama, atakwambia bomba hutoa siku mbili kwa wiki, saa nane za usiku, na siku nyingine hununua madumu. Wapangaji nao waulizwe, maana mwenye nyumba mara nyingi hakai mtaani humo, na vilema na wazee wasisahauliwe, kwa kuwa ngazi na mtaro usiofunikwa wao ndio wavijuao.

Tano, nalo ndilo kubwa, tudai hesabu irudi. Aliyekusanya aje tena barazani, atusomee alichokiandika kabla ya kukipeleka mbele, na nakala ibaki kwa mjumbe wa mtaa au kwa kamati ya wakazi. Kwa njia hiyo kosa litasahihishwa mapema, na siku mjenzi ajapo na mkoba wake na karatasi zake, mtaa nao utakuwa na karatasi yake ya kumwekea mezani. Na pasipokuja mtu wa kutuhesabu, hapana kinachotuzuia kuanza wenyewe. Daftari moja, vijana wawili wajuao kuandika, na jioni chache zatosha kuorodhesha taa zilizozimika, visima vilivyokauka, mitaro iliyoziba, na watoto wavukao barabara kubwa kwenda shule. Barua iendayo halmashauri na orodha kama hiyo husomwa kwa namna nyingine kuliko barua ya malalamiko matupu.

Haya ndiyo tuliyoyaona yafaa kuwafikishia wasomaji wetu mwezi huu. Mwenye jambo la kuongeza kutokana na mtaa wake, na atuletee, nasi tutalipokea kwa furaha.